Mwanzi Usiolia

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Busia hatujambo. Bibi yako anakusalimu, na mbuzi wake amezaa mapacha. Barua hii isome ukiwa peke yako. Tabia ya kuficha mambo sijaiacha.

Unauliza kwa nini kipande cha nyuzi za kaboni ulichokipima maabara kilistahimili kuvutwa, kikastahimili kusokotwa, lakini vyote viwili pamoja vikakipasua bila dalili. Kaboni siijui. Najua mwanzi.

Enzi za utawala wa jeshi Uganda, mimi na rafiki yangu Okello tulikuwa tunavusha chumvi ya magendo hadi Tororo kwa baiskeli zenye keria za mwanzi. Kila asubuhi niliigonga mianzi kwa sarafu. Mwanzi mzima hulia. Ule ambao nyuzi zake zimeachana ndani haulii, hata kama nje unang'aa.

Okello aliwahi kupigwa na askari, asimtaje mtu. Aliwahi kulala njaa na watoto wake, akanyamaza. Kisha wakamfungia siku tatu wakati nyumbani hakuna unga. Alirudi bila alama hata moja, anacheka.

"Kesho wewe unapita wapi?" akaniuliza. Hakuwahi kuuliza hivyo. Siku zote tulipita pamoja.

"Osukuru," nikasema. Nikapita Kiyeyi. Jioni nikasikia askari walishinda Osukuru wakiulizia baiskeli yangu.

Nilimchukia miaka mingi, Nekesa. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia nilipigwa, na mimi pia nililala njaa. Ila kwangu vilikuja kimoja kimoja.

Babu yako