Kupandishwa Darasa kwa Kuchungulia

Scarborough, Alhamisi, Februari 2011

Leo nimejaza nafasi zote ishirini za zoezi la Kiingereza bila kosa hata moja. Kichwa hiki, jamani! Uongo mtupu. Nilimchungulia Mama Lin, Mchina ninayekaa naye dawati moja. Kitabu chenyewe kimetungiwa Wachina, na maelezo yote ni ya lugha yao.

Sasa mwalimu kaniambia, "Mzee Hamisi, Jumatatu unapanda darasa la juu." Mama Lin akanipigia makofi, mchawi yule!

Nimechoka. Huko juu sina mtu wa kucheka naye, na nyumbani wajukuu hawana muda na mimi.

Mama Lin, msimu mzima wa theluji nimekubebea mfuko wako wa mchele kutoka dukani mpaka kwenye basi. Kesho nisemee kwa mwalimu kwamba nilikuibia majibu.