Rupia ya Mama Yako Ndani ya Plastiki

Mama Zuhura wangu,

Kuna jambo nililokuficha kuhusu rupia ya mama yako. Sikuiuza, wala sikuibadilisha na nyingine. Ipo hapa hapa Mandewa, kwenye kabati la vioo. Nilichokuficha ni kidogo kuliko wizi, na labda ndiyo sababu kimenielemea hivi, maana hakuna wa kunishtaki kwacho. Miguu imevimba, pumzi inanikatika nikivuka sebule, na daktari ameacha kunizungumzia habari za mwezi ujao. Nimeona nikuandikie mkono ungali unashika kalamu.

Unakumbuka siku uliponikabidhi? Tulikuwa tumetoka kumzika mama yako kijijini kwenu Ulemo. Ulifungua pindo la kanga yake ukaitoa, fedha tupu, nzito, sura ya Kaisari wa Wajerumani ikiwa imelika kwa kushikwashikwa. Ukanisimulia kwamba mlipokuwa wadogo, mtoto akishikwa na homa, mama yako aliitoa kwenye pindo akamwekea kwenye paji la uso. "Ilikuwa baridi kama maji ya mtungini," ulisema. "Baba Zuhura, wewe ndiye msomi. Nitunzie."

Nikaitunza kisomi. Kwanza niliitia kwenye kimfuko laini cha plastiki nikaifungia kabatini. Tulipokuja kuitazama, masika yamepita, ilikuwa imetoka utando wa kijani unaonata kama kamasi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mama kaifunga kwenye kanga maisha yake yote, na jasho lake na vumbi la vitunguu, haijaota kitu. Mwalimu kaivalisha nailoni, imeota majani!" Nilicheka nawe, lakini moyoni nilikasirika. Ndipo nikaagiza kile kikasha kigumu cha mviringo, cha plastiki angavu kama kioo, kikaletwa na basi kutoka Dar es Salaam.

Tangu hapo rupia ikawa yangu zaidi kuliko yako. Niliisimamisha sebuleni ili wageni waione, nao hawakuiona. Asubuhi jua la dirishani liliipiga ile plastiki, likabaki duara jeupe tu. Jioni taa ilifanya vivyo hivyo. Jirani yetu Mzee Hamisi aliinama, akafumba jicho moja, akasema, "Mwalimu, mimi naona pua yangu. Nayo ni ya Mjerumani?" Ulikimbilia jikoni ukacheka huko.

Nilipostaafu nikajiunga na kundi la wapenda sarafu kwenye simu, watu nisiowajua hata sura, nikatamani wanisifu. Kila picha niliyopiga ilitoka na mng'ao. Nilitundika shuka dirishani kupunguza mwanga, nikalaza kikasha juu ya kitambaa cheusi, nikainamisha simu huku na huku. Plastiki ilirudisha kila kilichokuwa juu yake: simu yenyewe, kofia yangu, na wewe umesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Sogea, Mama Zuhura, unaingia kwenye picha."

Nilikwambia hivyo mara nyingi, nawe ulisogea kila mara, chai ikipoa mkononi. Zile picha ulizoingia, kanga yako nyekundu ikiwa imepinda ukingoni mwa kikasha, nilizifuta zote kwa kuwa zimeharibika. Leo ningetoa chochote niipate moja.

Kisha siku moja ukaona kwenye simu yangu picha safi kabisa. Hata pale pua ya Kaisari ilipolika kwa vidole vya mama yako palionekana.

"Mbona leo haing'ai?" uliuliza.

"Nimejifunza kupiga," nikajibu.

Ulichukua simu ukaenda kumwonyesha binti yetu. "Zuhura, njoo uone kazi ya baba yako." Nilikusikia ukinisifu kutoka chumba cha pili.

Halafu ukaugua. Asubuhi ninayoikumbuka, upepo ulikuwa unapiga mabati tangu alfajiri, na homa imekupanda mpaka midomo imekauka. Uliniita kutoka kitandani. "Baba Zuhura, niletee rupia ya mama. Niwekee hapa." Ukagusa paji la uso. Nikaileta na kikasha chake, nikakuwekea. Ulifumba macho ukangoja.

"Haina baridi," ulisema. "Umeniwekea kifuniko cha ndoo. Itoe basi."

Nikakwambia kikasha kimezibwa kwa mashine huko kiwandani, hakifunguki ila kivunjwe, na kikivunjwa rupia itakwaruzika. Hukubisha. Miaka yote ulipenda kunitania, ila kwenye mambo ya vitabu uliniamini. "Basi iache," ulisema. "Usije ukaiharibu." Nikairudisha kabatini. Hukuiomba tena, na kabla ya Ijumaa tulikuwa tumekuzika.

Sasa Zuhura ndiye anayeniogesha na kunikorogea uji. Wageni wakija kunijulia hali, anawaonyesha kabati. "Ile ni ya bibi. Mama alimpa baba amtunzie, na baba akaitunza kweli." Wananitazama kwa heshima, nami nageukia ukutani. Homa inanijia kila jioni. Juzi Zuhura aliniuliza aniletee ile rupia, pengine itanipoza kama ilivyowapoza nyinyi. Nilimwambia hapana, kwa ukali ambao haukumstahili, akatoka analia.

Sitakuomba msamaha kwa karatasi. Ulikuwa mtu wa kutazamana usoni, na Mwenyezi Mungu akinijalia kufika ulipo, nitakuomba hivyo. Kwaheri mpaka hapo, Mama Zuhura. Huu ndio ukweli ninaokuachia.

Kile kikasha hakikuzibwa na mashine yoyote. Ni vipande viwili vinavyobanana, na ukucha wa gumba unatosha kuvitenganisha. Nilikifungua kila nilipotaka picha isiyo na mng'ao, wewe ukiwa jikoni. Hata asubuhi ile kilikuwa wazi mezani, na rupia ilikuwa kiganjani mwangu, baridi vilevile ulivyonisimulia. Nilikusikia ukiiomba. Niliogopa jasho lako lisije likaitia doa. Nikaibana kwanza ndani ya plastiki, ndipo nikakuletea.

Mumeo,
Baba Zuhura