Mguu wa Baba Usikandwe

Manzese, Jumanne

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi, baba asijue kwamba naogopa.

Asubuhi daktari alimpitishia mpira mwembamba kinenani, akazibua mshipa wa mguu. Jioni tukarudishwa nyumbani. Daktari kaagiza mguu unyooke, wala usikandwe, damu isije ikabubujika pale kinenani.

Shangazi akaingia na beseni la maji ya moto. "Mguu umepoa hivi usikandwe? Shule yote ile ulisomea nini?"

"Dada, mwache karani wangu," baba akacheka.

Nikayamwaga maji yale. Lakini kesho nimenyimwa ruhusa kazini, na atakayebaki naye ni shangazi.

Damu ikitoka, bana pale kinenani kwa kiganja, usiachie. Mtu aje kazini kwangu, masjala, mlango wa nyuma. Aseme tu naitwa nyumbani.