Miezi ya Mshtarii Niliyoikana

Mhina, ndugu yangu,

Nakuandikia baada ya alasiri, siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, nimekaa kizingitini na karatasi juu ya goti. Jua likishuka nitakwenda kwenye tuta la reli kuangalia kama mwezi umeandama. Nakwenda kama shahidi wa msikiti wetu hapa Mazinde. Nafasi hiyo ni yako. Mwalimu anayetuswalisha amenipa mimi, na mimi sikuwa na uso wa kukataa wala moyo wa kukubali, nikaitikia tu.

Tangu tukuzike, mwanzo wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mengi yamegeuka. Mkeo amemaliza eda, na baada ya Idd anarudi kwao Handeni. Mashine yako kule kiwandani kapewa fundi mwingine, naye hajui kuisikiliza, nyuzi za mkonge zinatoka na nyama za jani. Mwajuma wangu ana mimba ya miezi mitano. Ungekuwepo ungenitania mpaka nikimbie.

Nataka kuyasema haya kabla sijaenda.

Unakumbuka jioni ile ya kwanza, baada ya magharibi? Uliegemeza darubini yako uliyorudi nayo kutoka vitani kwenye boriti ya mkonge ili itulie, ukaniambia niangalie Mshtarii, ile nyota kubwa isiyopepesa. Nikaona nukta nne pembeni yake, tatu upande mmoja na moja upande wa pili, zimejipanga mstari mmoja. Nikakuambia kioo chako kimeingia vumbi la mkonge. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kesho yake nukta zilikuwa zimehama, mbili huku na mbili huku, na vumbi halihami kwa adabu namna ile. Siku kumi na moja ulizichora kwa mkaa nyuma ya mlango, na mkeo akakugombeza kwa kumchafulia mlango.

Ndipo ukaenda Korogwe kumuuliza yule mwalimu wa shule ya kati. Akakuambia kwamba ile ni miezi, inaizunguka Mshtarii kama mwezi wetu unavyotuzunguka, na kwamba wataalamu wanadhani mingine imefunikwa barafu tupu. Ulifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Ukanunua bonge la barafu kwenye duka la Muhindi mwenye friji ya mafuta ya taa, ukalifunga kwenye gunia na maranda, ukapanda nalo treni. Ulifika kwangu gunia linachuruzika, ndani mmebaki kipande kama punje ya muhindi. Ukaniwekea kiganjani. "Shika," ukasema. "Mwezi mzima wa hii." Kiliniuma mkono, kisha kikawa maji.

Ungeishia kwangu, Mhina. Lakini wewe hukujua kuficha furaha, ukayasema barazani pa msikiti. Wakakuuliza nani kapeleka friji huko juu. Kibwana mnyapara akasema basi watu wa huko wana taabu, wanafunga Ramadhani nne kwa mpigo. Nilicheka pamoja nao. Uliniona, ukacheka na wewe.

Halafu ikaja ile ishirini na tisa ya mwaka jana. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa nyika, wewe na yule mzee mchunga ng'ombe mkauona mwezi katika upenyo, kwa macho matupu, kabla haujafunikwa. Mwezi wa Idd unataka mashahidi wawili, na wawili mlikuwepo. Kibwana akasimama akasema huyu ndiye mwenye miezi minne, leo tutampokeaje kwa mmoja? Mwalimu hakukuvunjia heshima. Alitaka kuhakikisha tu, akanigeukia mimi mbele ya watu wote.

"Athumani, wewe uliangalia katika darubini ya Mhina. Uliiona miezi hiyo?"

Ulinitazama bila wasiwasi hata kidogo. Ulikuwa na hakika na mimi.

Posa yangu kwa Mwajuma ilikuwa mkononi mwa Mwalimu, baba yake, haijajibiwa. Nikawaza binti yake atapewaje mtu anayechekwa kijiji kizima. Nikasema, "Sikuona kitu, Mwalimu."

Tukafunga siku ya thelathini. Treni ikaleta habari kwamba Korogwe nao wamefunga, kwao wingu lilikuwa zito, na watu wakasema mmeona sasa, Mhina mwongo. Hakuna aliyekuuliza tena habari ya mwezi mpaka umekufa. Nawe hukunisema kwa mtu. Harusini kwangu ulikuja, ukala pilau, ukanipa mkono. Ningependa ungenipiga.

Jua limeshuka. Ngoja niende.

*

Nimerudi. Nimeuona, Mhina. Mwembamba, umelala juu ya nyika, na kabla sijamaliza kuuonyesha kwa kidole wingu likaufunika. Mchunga ng'ombe aliuona pia. Wengine walichelewa.

Msikitini Mwalimu akauliza walioona ni nani. Mzee akasema mimi. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Nimeuona, Mwalimu. Lakini kabla hujapokea neno langu, ujue mwaka jana nilikudanganya mahali hapa hapa. Miezi ya Mshtarii niliiona, yote minne. Mhina alisema kweli."

Mwalimu akaniuliza kwa nini, nikajibu kwamba ni kwa ajili ya posa. Alipitisha tasbihi vidoleni. Kisha akasema aliyekiri uongo katika jambo hili hawezi kupokelewa leo katika jambo hili hili, na mzee peke yake hatoshi, basi tukamilishe thelathini. Ana haki, sikumlaumu. Watu walipokuwa wanatoka alinishika mkono wa kanzu, akauliza darubini yako iko kwa nani. Nikamwambia iko kwa mkeo.

Mwajuma habari zilinitangulia kwake. Hajalia, hajapiga kelele. Alisema tu, "Kumbe uliniposa kwa kuuza jina la mtu." Sasa amenipa mgongo, na mimi sijui kesho atanigeukia au atakwenda kwa baba yake. Naogopa sana.

Mkeo aliniambia jambo baada ya eda, na tangu hapo silali vizuri. Asubuhi ile ya mwaka jana, sisi tumefunga, wewe ulivaa kanzu ukaenda nyuma ya nyumba yako ukaswali Idd peke yako, kwa sababu mwezi uliuona kwa macho yako. Kisha ukavaa nguo za kazi ukaja kiwandani, ukapita kwangu ukanisalimu.

Kwa heri, Mhina. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Nakuahidi mbele yake kwamba nikiulizwa popote, Mazinde au Korogwe, nitasema niliona. Na kesho sifungi, maana nami nimeuona. Jua likichomoza nitakwenda nyuma ya nyumba yako na kanzu yangu. Nitasimama kulia, nyuma kidogo, kama asimamavyo maamuma akiwa mmoja, na mbele nitakuachia wewe nafasi ya imamu.

Athumani wako