Kaka Yako Bado Anakaba

Wifi Zuhura,

Hapa Penrith, mwisho kabisa wa Sydney, jua linachoma kama la Dodoma, na kaka yako ameshanitia aibu.

Jana Hamisi wetu alichoma nyama uani akamwalika nesi wa Kikenya anayefanya naye kazi. Nesi akaja na baba yake. Kumbe ndiye yule fowadi aliyempiga chenga kaka yako kule Nairobi, enzi zile akiwa beki wa timu ya taifa, hadi akatemwa! Sasa wote wawili wanatembelea fimbo. Basi kaka yako akaanza kumkaba. Mgeni akielekea kwenye nyama, huyu mbele yake. Akienda msalani, huyu mlangoni. Nikamfokea, akanijibu, "Safari hii hapiti mtu." Mzee wa watu akaondoka bila kuonja hata mfupa.

Getini akaninong'oneza: "Mama Hamisi, huku watu wote hushinda kazini. Tangu nije hakuna aliyenifuata hata hatua moja. Mwambie kesho aje anikabe kwetu."

Nimekukumbuka sana, wifi, ungecheka nami. Nibusie wajukuu. Kaka yako hata chai hajanywa, ameshavaa raba.

Wifi yako, Mwanaidi