Punje Zilizogeuka Nyekundu

Matinyani, 9 Juni 1994

Mpendwa Mwende,

Sisi ni wazima. Mama yako amemaliza kupura pojo. Umeniuliza kama naielewa kazi yako ya kupima seli hai kwa rangi. Naielewa.

Babu yako alipofariki, aliacha mbegu ya mahindi ikining'inia juu ya meko. Kwa kuogopa wadudu, niliishusha karibu zaidi na moto. Mvua ilipokaribia nikaingiwa na hofu kwamba nimeiunguza, nikaipeleka kwa afisa wa kilimo mjini Kitui. Akapasua punje chache kwa wembe.

"Unaniulia mbegu," nikamwambia.

"Hizi zitasema kwa niaba ya zingine, mama."

Akaziloweka katika dawa isiyo na rangi, nikangoja kwenye benchi hadi alasiri. Nusu zilibaki nyeupe, zimekufa. Zilizosalia, kiini kiligeuka chekundu; hizo zilikuwa hai.

"Basi kila shimo tia mbegu mara mbili ya kawaida," akasema.

Kwa nje zote zilifanana. Nilidhani nimekiua kitu cha mwisho alichoniachia, lakini mahindi hayo tunayapanda hadi leo.

Ukiona rangi ikitokea, mjukuu wangu, nikumbuke.

Nyanya yako