Chuo Kimefika, Mimi Nimeshaolewa

Baba yangu mpenzi uliyetangulia,

Nakuandikia hapa jikoni kwangu, Azaiba, Maskati, kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna ninayeweza kumwambia haya bila ya kuonekana mkosa shukurani. Wewe ndiye uliyeniozesha, basi nisikilize wewe.

Unakumbuka matokeo yangu yalipotoka? Ulizunguka nayo mtaa mzima, hata muuza samaki akajua kuwa nimefaulu kemia. Kisha furaha ikakwisha ghafla. Unguja yetu ile haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na habari ya kunipeleka nje peke yangu hukutaka kuisikia. Ukapita njia waliyopita wazee wengi wa wakati wako: niolewe na mtoto wa ami, aliyekuwa Maskati, nisome nikiwa kwa mume.

"Mume utamzoea, mwanangu," uliniambia. "Wewe kasome."

Ndoa ilifungwa bwana harusi akiwa huku, ami akaipokea kwa niaba yake. Mama alinijazia sanduku kanga na udi. Wewe ukachomeka vitabu vya kemia katikati, Mama akagomba kuwa unamkunjia nguo. Vitabu vyenyewe vilinukia udi mpaka namaliza shahada ya pili.

Mume wangu simsengenyi. Alinipeleka darasani kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake, duka la magari kule Wattaya, na ahadi aliyokupa ya kunisomesha hakuivunja. Lakini kila nilichopata hapa nimekipata kwa ruhusa, Baba. Kuomba ruhusa kunachosha, wallahi.

Siku uliponipigia simu kunambia serikali imefungua chuo kikuu kwetu, ulicheka mpaka ukakohoa. "Ningesubiri kidogo," ukasema. Nikajitia sikusikia, nikakuuliza hali ya Mama.

Sasa chuo kimekuwa kikubwa. Wanasomesha udaktari, wana maabara zao, na juzi mkuu wa idara ya kemia kanipigia, wananitaka nikafundishe. Mjukuu wako Salma naye, aliyekosa nafasi ya udaktari hapa, kaipata hukohuko. Nilitaka kupiga vigelegele. Baba yake akasema haya, mtoto aende, ila kwanza aolewe. Yuko mtoto wa ami yake Unguja, kijana mzuri, atamtunza huku anasoma. Alisema kwa upole kabisa, vilevile ulivyosema wewe.

Nikamwambia kuwa Salma ana mama. Nitakwenda naye, miye nifundishe, yeye asome, tukae nyumba moja. Mume wa nini? Akajibu kuwa nyumba haikai bila ya mke, na mama yake yeye, mkwe wangu, yuko juu kitandani hajiwezi. Hilo la mama yake ni kweli, ndiyo maana linanibana zaidi. Lakini la kumuoza mtoto sikulikubali. Tukavutana, tukanuniana.

Mwisho akasema, "Haya, Mama Salma. Aende bila ya mume, atakaa kwa shangazi yake. Lakini na wewe usinitajie tena kazi ya Unguja."

Nikasema sawa. Neno moja tu, na ndiyo nimejifungia mlango mwenyewe.

Salma hajui. Anaimba chumbani kwake, anadhani baba yake kabadilika tu. Yule mkuu wa idara nimempigia, nikamwambia siji. Kaniuliza kwa nini. Nikasema nna mgonjwa.

Nna hasira, Baba. Nna hasira na yeye, na wewe pia, na nakupenda, na vyote viwili viko kifuani pamoja, havitoki. Ulitafuta mlango wa kunitoa, na mlango uliokuwepo ulikuwa ndoa. Sikulaumu sana. Ila mwanangu anakwenda kusoma, Baba. Kusoma tu.

Pumzika huko uliko, nami nakaa huku niliko.

Mwanao, uliyemuozesha ili asome.